Fuko na Jamaa Zake wa Milimani

Mwaka huu nimeona niandike juu ya mnyama ambaye sote tunaijua kazi yake lakini si wengi waliomwona uso. Naye ni fuko. Ukiteremka asubuhi kuelekea stesheni ya Kipkelion, au ukikatiza mashamba ya viazi ukipanda upande wa Londiani, utakuta marundo madogo ya udongo mbichi yamejipanga mstari, utadhani kuna mtu aliyekuwa akimwaga vikombe vya udongo huku akitembea. Mwenye kuyamwaga humwoni. Amekwisha kuziba mlango wake na kurudi chini.

Wengi husema fuko ni fuko tu, mwizi wa viazi, dawa yake ni sumu, basi. Mimi nasema tusiwe wepesi hivyo. Fuko ni mmoja katika kundi kubwa la wanyama wanaoguguna, yaani panya, kindi, nungunungu na wenzao, na huyu wetu anapenda hasa nyanda za juu. (Pimbi hayumo katika kundi hili, ijapokuwa anafanana na panya aliyenona. Wataalamu wanatuambia kwamba jamaa yake wa karibu ni ndovu! Anayebisha aende akamwulize mwalimu wa Bayolojia.) Ukitaka kujua kwa nini fuko anachimba, anafanya kazi saa ngapi na anapita wapi, inakubidi kwanza uwatazame jamaa zake wanaoishi juu zaidi, kwenye milima yenye barafu. Huko shida inayowakabili wote huonekana wazi.

Shida yenyewe ni baridi. Hebu chemsha viazi viwili, kimoja kikubwa kama ngumi na kingine kidogo kama gololi, kisha viweke mezani. Kile kidogo kitapoa kabla hujamaliza kutafuta chumvi. Sababu ni kwamba kitu kidogo kina ngozi nyingi ukiilinganisha na kilichomo ndani, na joto hutokea kwenye ngozi. Sasa panya wa milimani, ambaye aghalabu hana hata gramu 150, ni kile kiazi kidogo. Joto linamtoka kila dakika, na ili alirudishe lazima ale, ale, na ale tena. Hawezi kukaa siku mbili bila chakula kama chatu. Na kila anapotoka kwenda kutafuta chakula ndipo anapozidi kupoa, tena ndipo anapoonekana na adui.

Katika nchi za Ulaya wako wanyama wa milimani wa kundi hili hili wanaolala usingizi mzito miezi yote ya baridi mpaka theluji iyeyuke. Huku kwetu kwenye Ikweta ujanja huo haufai. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199, na ukipita mita 4,000 baridi ya kugandisha maji inaweza kuja usiku wowote wa mwaka, uwe Januari au uwe Julai. Lakini saa sita mchana jua la huko huko litakuunguza shingo. Yaani baridi yetu haina miezi, ina saa. Mnyama hawezi kuikimbia kwa kulala miezi mitano. Anaikwepa kwa kujua saa ya kutoka, saa ya kurudi, na hatua chache tu za kupita. Hilo ndilo jambo nililotaka kulieleza katika makala haya. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba panya wa mlimani hupanda na kushuka mlima kufuata hali ya hewa, kama wafugaji wanavyohama na ng'ombe wao. La hasha! Maisha ya wengi wao yako katika eneo ambalo wewe ungelimaliza kwa kutembea dakika moja.

Tuanze na Mlima Kenya. Juu ya msitu, juu ya mianzi, kuna nyasi zinazoota kwa mafungu makubwa, kama vichwa vya watu wenye nywele timtim. Majani makavu ya zamani hayaanguki mbali, hubaki hapo hapo yakirundikana. Ukiingiza mkono ndani ya fungu moja utaona kwamba ndani si kama nje. Mchana hakuna joto kali, na usiku baridi haipenyi kwa urahisi. Ni kama blanketi. Chini ya mafungu hayo huishi panya mnene mwenye masikio ya mviringo na meno ya mbele yenye mifereji. Wataalamu humwita Otomys. Huyu hula nyasi tu, kama ng'ombe, na kwa kuwa nyasi ndiyo nyumba na nyasi ndiyo chakula, hana haja ya kwenda mbali. Ametengeneza vijia vyembamba kati ya fungu na fungu, vimesagika kwa kupitwa kila siku, na juu vimefunikwa na majani yanayoinama. Ukifunua majani utamjua kwa alama moja: vipande vya nyasi vilivyokatwa kwa meno na kuachwa vichungu vichungu, karibu urefu mmoja, kama kazi ya mtu anayekata nepia kwa panga.

Jirani yake ni panya mwenye milia minne myeusi mgongoni. Huyu ametafuta njia nyingine. Badala ya kuogopa mchana kama panya wa ghalani, yeye hutembea mchana, jua likiwa limepasha ardhi moto, na usiku hubaki kiotani. Milia yake humsaidia asionekane kwa urahisi kati ya nyasi. Kwa hiyo mahali pamoja, chini ya nyasi zile zile, unaweza kuwakuta panya wa aina mbili ambao wamegawana chakula na saa bila kikao.

Lakini yuko anayewangoja. Ni bundi mkubwa wa milimani, aitwaye bundi wa Mackinder kwa jina la yule Mwingereza Halford Mackinder aliyefika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899. Bundi huyu hukaa kwenye magenge ya mawe, na chakula chake kikubwa ni panya hao hao. Kwake yeye, jambo la maana ni ule upenyo mdogo kati ya fungu moja la nyasi na jingine. Panya akiwa chini ya majani, bundi hana lake. Panya akivuka uwazi wa hatua mbili, habari yake imekwisha. Sasa fikiria moto ukichoma nyasi hizo, kama ambavyo huchomwa mara nyingi kiangazi. Hata wale panya watakaookoka motoni watakuwa wamevuliwa blanketi na kufunuliwa paa siku moja.

Kule Kilimanjaro, mwaka 2002, mtaalamu William Stanley na wenzake walipanda upande wa kusini-mashariki wa mlima wakiweka mitego kwenye vituo vitano, kuanzia mita 2,000 hadi mita 4,000, kila baada ya mita 500. Walitumia mitego ya kawaida na pia ndoo zilizofukiwa ardhini mpaka mdomoni, ili mnyama anayekimbia usiku atumbukie. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Mtu angetarajia kwamba chini kwenye joto ndiko kwenye aina nyingi, na kwamba kadiri unavyopanda zinapungua. Kumbe sivyo! Aina nyingi zaidi zilipatikana katikati, kwenye mita 3,000, karibu na pale msitu unapoanza kukoma na vichaka vya juu kuanza. Mimi naona sababu yake ni kama ya soko lililo mpakani: wa huku wanafika na wa kule wanafika. Wanaopanda miti wanapata miti, wanaopenda nyasi wanapata nyasi.

Na kama mtu atauliza, je, panya anaweza kufika juu kiasi gani? Mwaka 2020 mtaalamu Jay Storz alitangaza kwamba amemkamata panya kwenye kilele cha mlima Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, mita 6,739 kutoka usawa wa bahari. Huko hakuna jani wala nyasi. Ni mlima unaouzidi Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 800! Hakuna mnyama mwingine anayenyonyesha aliyewahi kunaswa juu kuliko huyo.

Sasa turudi kwa fuko, nami nitakaa kwake kidogo.

Fuko wetu ana nduguye mkubwa nchini Ethiopia, kwenye milima ya Bale, kwenye uwanda wa Sanetti ulio karibu mita 4,000. Huyo ni jitu, hukaribia uzito wa kilo moja, na macho yake yako juu ya kichwa ili achungulie shimoni bila kutoa mwili wote. Mchana, jua likiwaka, huchomoza nusu mwili, hung'oa majani yanayomzunguka hapo mlangoni, kisha hurudi nyuma nayo chini na kuziba mlango. Majani ya mlango mmoja yakiisha hafungi safari. Huchimba mlango mwingine. Adui yake ni mbwa mwitu mwekundu wa Ethiopia, ambaye amebaki kwa mia chache tu duniani kote, na anategemea sana nyama ya fuko. Mbwa mwitu huyo husimama kando ya shimo kimya kama nguzo, akingoja ule muda mfupi ambao kichwa kitachomoza. Hata binadamu wa kale walimjua fuko huyo. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba katika pango la Fincha Habera, huko huko Bale, kwenye mita 3,469, watu waliishi zaidi ya miaka 30,000 iliyopita wakila fuko wa kuchoma kwa wingi.

Sisi wa Kipkelion nasi tusijione wageni katika habari za kale. Hapo Fort Ternan, ambapo Louis Leakey alipata mabaki ya Kenyapithecus mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye umri wa miaka kama milioni 14, yalipatikana pia meno na mataya ya wanyama wadogo waguguni. Mmoja wao alipewa jina la kitaalamu linalobeba jina la Leakey na la Fort Ternan kwa pamoja. Ni nani katika shule yetu ana jina kubwa hivyo?

Fuko wa huku kwetu ni mdogo, kama gramu 200 hivi, na njia yake ya kukwepa baridi na adui ni moja: hatoki. Jalada lake ni udongo. Huchimba kwa meno yale ya mbele ya rangi ya machungwa, na midomo yake hujifunga nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Hapo utakubali kwamba Mungu ni fundi. Udongo aliokata huusukuma nyuma, akigeuka akausukuma kwa kichwa mpaka juu, na hilo ndilo rundo unaloliona. Njia zake za kutafutia chakula ziko karibu na uso wa ardhi, pale mizizi na viazi vilipo. Ndiyo sababu unaweza kuona jani la nepia likitikisika, halafu likazama chini kama linavutwa na jini.

Nyumba yake ni chumba kimoja kilicho mbali kidogo na njia hizo. Jambo lililonishangaza ni kwamba hapo hapo ndipo anapolala, ndipo anapoweka akiba ya chakula, na ndipo palipo choo chake. Tusimcheke upesi. Takataka zinapooza hutoa joto, kama lile shimo la mbolea ambalo ukilifukua asubuhi hufuka moshi. Kwa mnyama mdogo anayeogopa baridi ya usiku, choo kando ya kitanda ni jiko!

Kisha saa. Mtaalamu Jennifer Jarvis, ambaye alimchunguza fuko hapa Kenya na kuchapisha kazi yake mwaka 1973, aliwatia fuko alama inayotoa mnururisho ili kifaa kilichoko juu kiwafuate wakiwa chini ya ardhi. Aliona kwamba kazi zao nyingi hufanyika kati ya saa nne asubuhi na saa moja jioni. Usiku, mnyama yuko kiotani. Fuko haishi kwenye mwanga, lakini hata hivyo anafuata jua. Mimi nadhani anangoja udongo wa juu upate moto kidogo.

Kila fuko ana mashimo yake peke yake. Akisikia mwenzake karibu hugonga dari ya njia kwa kichwa, na mtikisiko hupita ardhini kama mtu anavyobisha hodi, ila maana yake si hodi, maana yake ni usije. Hata hivyo mvua ikinyesha mambo hubadilika. Watafiti waliowachunguza fuko huko Tanzania wameeleza kwamba madume hupanua njia zao wakati wa mvua, msimu wa kuzaana. Udongo umelainika, na dume anatafuta jike. Ndiyo maana marundo huwa mengi mwezi wa Aprili na wa Mei, watu wakasema ati fuko wamezaana usiku mmoja. Hawajazaana. Wanatembea! Jike huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mara moja. Na mtoto akishakua hufukuzwa akatafute pake. Wengine hupita juu ya ardhi, na hapo ndipo bundi, paka na mbwa humpata.

Mtaniuliza, haya yote yana faida gani kwa mtu ambaye viazi vyake vimeliwa? Yana faida. Nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita kogo kama ilivyo desturi yetu, analima robo eka ya viazi. Msimu mmoja mistari minne ilikuwa mibichi juu, lakini tulipochimba chini tulikuta maganda. Jirani akaleta shauri la kununua sumu na kuimimina mashimoni. Kogo akaniuliza, "Wewe unayesoma, sumu hiyo itamfikia?" Nikamweleza nilichosoma. Fuko akikuta kitu kigeni kwenye njia yake, au upepo ukiingia, kazi yake ya kwanza ni kuziba kwa udongo. Sumu itabaki imefukiwa kati ya viazi ambavyo sisi wenyewe tutavila. Na kama atakula akafa juu ya ardhi, atakayemwokota ni paka wetu au yule bundi wa kwenye mkaratusi, naye atakufa. Hapo tutakuwa tumeua askari wetu kwa mkono wetu. Kogo hakusema mengi. Alimtuma ndugu yangu akamwite mzee mmoja wa ng'ambo ya mto anayetega fuko na kulipwa kwa kuhesabu mikia.

Mzee huyo hajasoma Bayolojia, lakini mtego wake ni kama umeandikwa kutoka kitabuni. Alitafuta rundo bichi, akachokoa ardhi kwa mti mpaka akaipata njia, akaifungua. Akapaka mikono yake udongo ili asiache harufu ya sabuni. Akaweka kitanzi cha waya ndani ya njia, na mbele ya kitanzi akakatisha uzi uliofungwa kwenye fito iliyopindwa. Kisha akaacha upenyo mdogo wa mwanga. Fuko akihisi upepo huja kuziba. Akija hukuta uzi umemzuia, naye hajui kuzunguka kitu, anajua kukata tu. Akikata uzi kwa meno, fito hufyatuka na kitanzi hukaza. "Mimi simfuati," mzee alituambia. "Yeye ndiye anakuja kufunga mlango." Alitega baada ya chakula cha mchana, si alfajiri, kwa kuwa anasema asubuhi fuko ni mvivu. Mnaona? Saa zile zile za Jarvis.

Kwa wiki mbili alipata saba. Lakini wiki ya tatu marundo mapya yakatokea kwenye mistari ile ile. Shimo la fuko aliyekufa ni nyumba tupu iliyokwisha kujengwa, na mwenzake aliye kwenye nepia akisikia kimya, hakuna anayegonga dari, huhamia. Kwa hiyo kumkamata aliye shambani hakutoshi, lazima umtazame yule aliye mpakani. Kogo aliamua tuchimbe mtaro wazi kati ya nepia na viazi, kina chake kufika juu ya goti. Kwa kuwa njia za chakula ziko karibu na uso wa ardhi, fuko akifika hapo hutokea hewani, na fuko hapendi hewa. Mtaro lazima uchimbuliwe kila baada ya mvua kubwa kwa maana hujaa udongo, na kazi hiyo imekuwa yangu kila Jumamosi. Bado wanavuka wachache.

Nao hawako mashambani tu. Mwanafunzi anayetaka kumwona fuko kazini asimame kando ya uwanja wetu wa mpira, upande wa goli la chini, saa tisa alasiri, siku ya jua baada ya mvua. Asikanyage-kanyage, kwa sababu fuko husikia kishindo kabla ya sauti. Achague rundo ambalo udongo wake bado una unyevu na angoje. Likianza kutikisika kutoka ndani, ndiye huyo.